Darasa la pawni la wiki sita: elfu sitini yangu imeenda wapi

Haya wadau, nilisema nikimaliza nitaandika, nimemaliza jumamosi iliyopita. Naongelea lile darasa la chesi la onlaini la wiki sita ambalo kazi yake ni moja tu, pawni (zile kete nane za mstari wa mbele), na hasa udhaifu wa pawni, hakuna openingi (namna za kuanza gemu), hakuna mitego ya kumaliza mtu kwa hatua nne, ni pawni mwanzo mwisho. Ada elfu sitini, unatuma kwa simu, unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp, af kila jumamosi saa mbili usiku mnakutana kwa video. Jina la darasa sitaji wala la kocha, kwa sababu nitasema na mabaya yake na yule ni mtu mmoja anatafuta riziki yake, sio kampuni.

Kwanza mjue nimetokea wapi maana ndo kila kitu. Mi ni mtu wa drafti. Nimekulia kwenye kibaraza cha wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda, chesi nimeijua ukubwani, na kwa miaka miwili nimekuwa nikizunguka kwenye ratingi (alama za uwezo) ya elfu moja mia nne na kitu pale Lichess, ile tovuti ya kucheza chesi, napanda kidogo nashuka kidogo. Mitego najua, uma wa farasi (farasi mmoja kutishia kete mbili kwa mpigo) naupiga vizuri tu, lakini kuna aina ya gemu nilikuwa napoteza bila kuelewa nimepigwa wapi. Hakuna kete niliyoibiwa, hakuna kosa la kijinga, nabanwa taratibu mpaka pumzi inaisha. Ukiniuliza umefungwaje nakwambia sijui, jamaa alikuwa mzuri.

Sasa kitu cha kwanza alichofanya huyu kocha ndo kilinifanya nisijutie hela hata kabla darasa halijaanza. Ukishalipa anakwambia mtumie gemu tano ulizofungwa, sio ulizoshinda. Nikatuma. Siku mbili baadae nikapata vois noti ya dakika kumi na moja, "Kaka, gemu zako tatu kati ya tano una ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe unakaa c6."

C6! (Nyumba za ubao zinaitwa kwa herufi a hadi h na namba 1 hadi 8.) Nilirudi kuziangalia nikacheka peke yangu. Mi nikicheza nyeusi dhidi ya d4 najibu d5, mwenzangu anakuja c4, naweka e6, anakula d5 nakula na pawni ya e, halafu naweka c6 kushikilia d5. Umbo zuri kabisa, linaonekana kama ukuta. Wenyewe wanaliita Carlsbad, kwa ule mji wa mashindano ya zamani huko Ucheki. Mi nilikuwa sijui kama lina jina, najua tu nikifika hapo najisikia salama. Na kila mara mwenzangu anasukuma b4, halafu b5, mi nashangaa huyu anafanya nini, upande ule mi nina pawni tatu, a7 b7 c6, yeye ana mbili tu, a na b. Kwenye drafti mwenye mbili hamfuati mwenye tatu. Atakuja aliwe.

Hapa ndo pa kukaa kidogo maana ndo kiini cha darasa lote. Kocha alitumia karibu lisaa lizima kwa hili jambo moja na hakuharakisha. Anakuja b5. Una njia mbili. Ukimwacha, anakula c6, unakula na b7, sasa hesabu umebaki na nini, una a7 iko peke yake na una c6 ambayo jirani yake wa b ameshaondoka na jirani yake wa d ameshatangulia mbele d5, hawezi kurudi kumsaidia. Yaani hiyo c6 hakuna pawni yoyote duniani itakayoilinda tena. Na mbele yake fayla c (safu ya wima) iko wazi kwa mwenzako, ruki yake (ngome) inakaa c1, malkia c2, farasi anakuja kutua c5 kama kapanga chumba. We kete zako zote zinageuka walinzi wa getini. Njia ya pili, ukiila hiyo b5 mwenyewe kwa c6, basi d5 yako imebaki yatima na b7 nayo iko uchi. Kwa hiyo yule mwenye pawni mbili hakuja kushinda vita ya idadi, amekuja kuchoma nyumba halafu aondoke. Mbili zake zinaisha, lakini zinakuachia wewe jeraha ambalo halifungi. Wazungu wanaita shambulio la wachache. Kocha alisema kitu nikakiandika kwenye daftari, kwamba kwenye chesi pawni ndo kete pekee ambayo hairudi nyuma, ruki ukikosea unairudisha, pawni ukishaisukuma umeshasaini. Mi mtu wa drafti hiyo ilinigusa, maana kete ya drafti kabla haijawa kingi nayo hairudi, nimeishi na hilo jambo utoto wote na kwenye chesi nilikuwa nimelisahau kabisa.

Majina yake nayo. Huyu bwana ana kipaji cha kubatiza vitu. Pawni isiyo na mwenzake kwenye fayla za jirani ni yatima, hiyo wengi wanasema. Pawni mbili kwenye fayla moja anaziita mishikaki, kama bodaboda ilopakia watu wakabebana, anakwambia angalia, wote wawili wana safari moja na wa nyuma haoni barabara. Iliyobaki nyuma ni kaka aliyeachwa kijijini, wenzake wameshaenda mjini na hela ya nauli hakuna. Na zile zilizotengana makundi makundi, zinaitwa visiwa hata kwa Kiingereza, yeye akauliza darasa, kuhudumia Unguja peke yake na kuhudumia Unguja, Pemba na Mafia, wapi utahitaji boti nyingi? Basi. Mtu mwenye visiwa vitatu kete zake zinashinda baharini. Sijasahau mpaka leo na nadhani sitasahau. (Pawni zenyewe kila mtu anaziita anavyojua, kuna dada wa Arusha anasema askari, kwenye kamusi za zamani ni kitunda, na tulikuwa na mzee mmoja wa Tanga kwenye grupu yeye mchezo wenyewe anauita sataranji na hatambui jina lingine. Kila jumamosi kocha akiingia kitu cha kwanza ni shikamoo mzee, marahaba mwanangu, ndo darasa linaanza.)

Wiki ya tatu ndo bora kuliko zote. Alitupa zoezi la mkono. Chukua ile openingi ya Ruy Lopez, aina yake ya kubadilishana, nyeupe anakula farasi wa c6 kwa bishopu, nyeusi anakula na d7, baadae zile pawni za katikati zinabadilishana, d4 na e5. Sasa, anasema, toa kete zote ubaoni, bakiza wafalme na pawni peke yake. Nyeupe ana nne dhidi ya tatu upande wa mfalme, nyeusi ana nne dhidi ya tatu upande wa malkia ila mbili kati ya hizo nne ni mishikaki ya fayla c. Kwa macho mko sawa, saba kwa saba. Mcheze na mtu yeyote nyumbani, mara tatu nyeupe mara tatu nyeusi, halafu mniletee majibu.

Nikacheza na mdogo wangu, ambaye chesi anaijua juu juu tu, tena umeme ulikuwa umekatika tukawasha taa ya simu. Mara ya kwanza mi nyeupe nikashinda. Mara ya pili nikashinda. Tukageuza, yeye nyeupe mi nyeusi, nikasema sasa nitamwonesha, nikasukuma zile nne zangu weee, a, b, c, nasukuma nasukuma, na haitoki pawni huru (isiyo na pawni ya adui ya kuizuia)! Yeye na tatu zake anazuia nne zangu, kakaa tu. Huku upande wa pili nne zake dhidi ya tatu zangu zinatoa pawni huru bila jasho, mfalme wangu anakimbia kama kuku. Mtoto kanifunga, kashangilia mpaka jirani kagonga ukuta. Jumla mwenye nyeupe alishinda mara tano kati ya sita, na ile moja ilikuwa sare kwa sababu mdogo wangu alisinzia. Hapo ndo nikaelewa kwa mwili, sio kwa kichwa, kwamba nne zenye mishikaki zinafanya kazi ya tatu. Hakuna kitabu wala video ingenifundisha hivo kwa usiku mmoja.

Na kocha alikuwa mkweli kuongeza kwamba nyeusi hafi kwenye gemu halisi, kwa sababu ana bishopu mbili na hizo kete ubaoni zipo, ndo maana watu wanaendelea kuicheza. Udhaifu upo lakini lazima ubaki mpaka mwisho ndo ulipwe. Mwenye nyeupe anatafuta kubadilishana kete, mwenye nyeusi anakimbia kubadilishana. Bobby Fischer, yule Mmarekani aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, aliifufua hiyo njia mwaka 1966 pale Havana, akawafunga nayo watu wakubwa kina Portisch na Gligorić, wakati watu walikuwa wameshaiona ya kizee.

Sasa malalamiko, maana yapo.

La kwanza muda. Saa mbili ni saa mbili na nusu. Wiki moja ilikuwa saa tatu kasoro, watu tushakaa na bando linaliwa, grupu limejaa stika za kusinzia. Anaomba radhi vizuri sana, ila kuomba radhi hakurudishi bando. La pili rekodi. Tuliahidiwa rekodi siku inayofuata, rekodi ya wiki ya nne nimeipata baada ya siku tisa na sauti inakatika. La tatu noti zake, ni picha alizopiga daftari lake kwa simu, nyingine kivuli cha mkono wake kimefunika ubao, upande wa malkia wote hauonekani na mada siku hiyo ilikuwa upande wa malkia!! Na hilo grupu jamani, kila asubuhi maua na salamu za jumatatu njema, ukitafuta zoezi unapita kwenye bustani.

La nne ni la kimasomo na hili ndo kubwa kwangu. Wiki mbili za mwanzo anafundisha kama daktari wa kutisha watu. Mishikaki mbaya, yatima mbaya, shimo (nyumba ambayo pawni zako haziwezi tena kuilinda) baya, ukitoka hapo unaogopa kusukuma hata h3. Mi katikati ya wiki ya kwanza na ya tatu nilishuka ratingi pointi arobaini kwa sababu nilikuwa nalinda umbo la pawni kama mtu analinda sahani za wageni, sishambulii, natunza tu. Nikaona hapana. Nikaenda kuchimba mwenyewe nikarudi na gemu ya tatu ya Fischer na Spassky, mechi ya ubingwa wa dunia, Reykjavik 1972, nikaitupa kwenye grupu nikauliza, kocha, na hii?

Wasioijua, Fischer hapo yuko nyuma mbili bila, moja kafungwa, ya pili hakutokea ukumbini kabisa wakampa mwenzake pointi. Ya tatu wanacheza kwenye chumba kidogo mbali na watu kwa sababu jamaa alilalamikia kamera. Yeye ana nyeusi, hatua ya 11 anapeleka farasi h5, ukingoni, mahali ambapo bishopu ya Spassky inamla, na akiliwa inabidi ale kwa pawni ya g. Yaani anajivunjia ukuta wa mfalme wake mwenyewe, anabaki na mishikaki ya fayla h, h7 na h5, mbaya kuliko zote kwa sababu ziko pembeni na hazina jirani. Kwa somo letu la wiki ya pili huyu alitakiwa afe. Lakini alipata nini? Spassky kaondokewa na bishopu ya nyumba nyeupe, farasi wa Fischer anaingia e5, malkia anaruka h4, farasi g4, na Spassky alipomla huyo farasi wa g4 pawni ya h5 ikala ikahamia g4, mishikaki ikashuka kwenye boda hivohivo hatua tano tu baadae. Alishinda. Na ndo ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kumfunga Spassky.

Kocha nampa maua yake hapa, hakununa. Aliandika "kaka umenivizia" halafu wiki ya tano yote akaibadilisha. Akaja na swali moja ambalo tangu hapo nalitumia kila gemu, udhaifu ni udhaifu kama kuna mtu wa kuufikia. Pawni yatima ambayo mwenzako hana ruki ya kuipiga wala farasi wa kusimama mbele yake, hiyo sio yatima, hiyo ni mtoto huru anazurura. Yatima wa d4 yeye mwenyewe anakupa fayla c na e wazi, anakushikia e5 na c5 kwa ajili ya farasi wako, na siku yoyote anaweza kupasuka d5 mkononi mwa mtu. Tatizo linaanza kete ndogo (farasi na bishopu) zikibadilishwa zikaisha na farasi wa adui akakaa d5 akanywa chai. Kwa hiyo mwenye yatima asikubali kubadilishana ovyo, na anayepigana na yatima kwanza azuie, ndo apige. Ilitakiwa hili liwe somo la kwanza, sio la tano, nimemwambia na amekubali, tutaona.

Siku hiyohiyo akaongeza gemu ya sita ya mechi ileile, upande wa pili wa shilingi. Fischer safari hii kafungua na c4, watu wakashangaa maana yeye ni mtu wa e4. Spassky akawa na zile pawni mbili zinazoning'inia, c5 na d5, zimesimama pamoja hazina mtu pembeni. Zikiwa sambamba ni nzuri, zinashika katikati yote. Fischer hatua ya 20 akasukuma e4, akauliza swali. Ukila, zimevunjika. Ukipita d4, umeacha c4. Spassky akapita d4. Sasa angalia, Fischer akasukuma f4, e5, bishopu yake ikaenda kukaa c4 na hakuna pawni ya kuitoa tena milele, inaitazama e6, halafu f5, e6, inaenda kama treni. Hatua ya 41 kaisha, na Spassky mwenyewe alipiga makofi pamoja na ukumbi. Kocha aliicheza polepole, kila hatua anatuuliza, nani sasa ataichunga c4? Kimya. Mzee wa Tanga akajibu, "Hapana mtu, hamna mtu huko." Ndo hivyo, pawni moja imesogea nyumba moja, nyumba ya jirani imekosa mwenye ulinzi.

Wiki ya sita sijaipenda, ilikuwa fupi, mashimo pembeni ya mfalme, ukisukuma g6 halafu ukaipoteza bishopu yako ya nyumba nyeusi basi f6 na h6 zinakuwa mlango wa uani. Kitu kizuri ila amekipitia mbio, dakika arobaini, mtandao umemkata mara mbili, af akafunga na cheti cha PDF ambacho jina langu limekosewa.

Nani alipe? Kama bado unaachia malkia bure, baki na elfu sitini zako, nenda Lichess kafanye mapazo (mafumbo ya chesi), ni bure na hakuna matangazo. Pawni hazitakusaidia kama kete zinaanguka. Kama uko pale nilipokuwa, unafungwa na hujui umefungwa wapi, lipa, hata ile vois noti peke yake kwangu ni nusu ya hela. Wakubwa wa elfu mbili kwenda juu mtachoka wiki ya pili. Ratingi yangu leo imepanda pointi kama sabini kutoka nilipoanzia, na sisemi yote ni darasa, maana na mi nimecheza sana huu mwezi na nusu. Alama nampa saba na nusu kwa kumi, angefika kwa wakati ningempa nane na nusu.

Na c6 yangu? Jumapili nimecheza na mzee mmoja pale tunapokaaga, ana d4, nikafika palepale, Carlsbad, akasukuma b4 bila hata kufikiria. Zamani ningekaa kusubiri. Safari hii nikasukuma b5 mwenyewe, ndio, c6 imebaki nyuma, imeachwa kijijini kabisa, ila farasi wangu nimempitisha d7, b6, mpaka c4, akasimama hapo katikati ya fayla, ruki yake ya c1 inaangalia mgongo wa farasi haioni pawni. Mzee kauangalia ubao muda mrefu, akarudisha miwani juu, akauliza, "We hii umefundishwa na nani?" Tukaenda sare ya hatua hamsini na kitu.

Grupu lijalo linaanza wakifika watu nane, mpaka jana walikuwa watano. Anayetaka namba aniambie, na umwambie kabisa kocha saa mbili iwe saa mbili.